Kofia ya Mwalimu Makrei

Aliyenisimulia jambo hili kwanza ni Bibi Mkamburi, mama wa mama yangu. Nilikuwa nimempelekea mtoto wangu amwone, maana wenzake walikuwa wakitembea naye bado anakaa tu. Bibi alimpakata, akamshika miguu, akaanza.

Hapo zamani, baina ya vita vile viwili vikubwa vya Wazungu, palikuwa na kijana wa Uskoti aliyeitwa Makrei. Baba yake alichimba makaa ya mawe, naye angechimba vilevile, ila mguu wake wa kushoto ulijua mpira. Akacheza mpaka nchi yake ikamwita. Kwao, anayeichezea nchi hupewa kofia ya mahameli yenye kishada. Makrei akaichezea mara moja, akapewa kofia moja. Kisha goti likavunjika, na mpira ukaishia hapo.

Akasomea kufundisha mazoezi ya viungo, akaletwa katika shule ya misheni huku kwetu, milima ya Taita. Kofia akaitundika ukutani. Wanafunzi wakamtania: kishada hakikumziba macho alipopiga mpira kwa kichwa? Akawaambia kofia ile haivaliwi mchezoni, ni ya heshima tu.

Lakini shule ilikuwa juu mlimani na uwanja ulikuwa chini bondeni, na goti lake halikuuweza mteremko. Basi alifundisha akiwa amekaa kitini barazani, filimbi mdomoni. Siku moja akasema mbele ya watu, "Kofia hii nilipewa kwa kusimama uwanjani. Atakayeniinua katika kiti hiki, ni yake."

Wakesho akasikia. Alikuwa mjane, fundi wa kukanda waliovunjika. Kila jioni akamkanda goti kwa mafuta ya mbarika, msimu hadi msimu, mpaka likakunjuka. Mwalimu akashukuru, akarudi kitini. Alisema hana cha kufuata huko chini.

Mghoi akaja. Alikuwa mwanafunzi aliyezaliwa na mguu uliopinda, akitembea kwa fimbo. Akasema, "Mwalimu, wenzangu wanakimbia. Nami nifundishe." Mwalimu akainuka, akateremka naye asubuhi baada ya asubuhi, wakinyoosha mguu ule, mpaka Mghoi akaiacha fimbo. Mwalimu akafurahi, akarudi kitini. Mpira hakutaka hata kuugusa.

Mwandawiro naye, mwanafunzi mwingine, alikuwa winga wa kushoto wa shule. Siku ya mechi akapiga mkwaju kutoka pembeni kabisa, ule ule ambao Mwalimu alikuwa akiwasimulia, mpira ukajikunja ukaingia golini. Huko juu kiti kikaanguka. Mwalimu akashuka mlima mbio, akauchukua mpira, akaupiga yeye mwenyewe, huku machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo hakukalia tena kile kiti. Wapishi wakakichukua.

Watu walipomkumbusha kofia, alikuwa akisema, "Nitaitoa. Acheni kwanza tucheze."

Mvua za vuli zikaja na ukungu wake. Mwalimu akabaki uwanjani na wanafunzi, mvua ikamnyeshea. Kifua kikamshika, akafa. Tukamzika huku huku.

Kwetu, matanga hayavunjwi mpaka kila vazi la marehemu limepata wa kulivaa. Mwalimu hakuwa na ndugu hapa. Nguo zake ziligawiwa, ikabaki kofia. Watatu wale wakaitwa mbele ya waombolezaji.

Wakesho akasema, "Bila mikono hii, angeteremka kwa goti gani? Mimi ndiye niliyemwinua."

Mghoi akasema, "Mama, ulimpa goti, naye akalikalia. Mimi nilimpa mahali pa kwenda nalo. Mimi ndiye niliyemwinua."

Mwandawiro akasema, "Ndugu yangu, wewe ndiye uliyeinuliwa na Mwalimu. Kwako alikwenda kazini, kisha akarudi kukaa. Kwangu alikimbia, na hakurudi. Mimi ndiye niliyemwinua."

Ndipo Mnjala, katekista aliyesimamia matanga, akasema taratibu, "Wanangu, mnagombea kumwinua. Asingeinuka, mvua ingemkuta barazani, na leo tungekuwa naye. Atakayeivaa kofia hii, aivae pamoja na kifo hiki."

Wale watatu wakaangalia chini. Wakesho alilia. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wote watatu wakanyoosha tena mikono.

Bibi akaishia hapo. Nilimuuliza kofia ilikwenda kwa nani, akanirudishia mtoto wangu, amekwisha kulala.

Asubuhi yake nilimpaka mwanangu mafuta ya mbarika magotini, nikamsimamisha ukutani. Nikarudi nyuma kidogo, nikamnyooshea mikono. Baba yake alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza kama ninavyokuuliza wewe: kati ya yule aliyempa goti, yule aliyempa pa kwenda, na yule aliyempa furaha ya kukimbia, je, nani alistahili kofia ile, pamoja na uzito wake?