Kwa Nini Mkebe wa Vinyoya Hufunguliwa Mbele ya Watu

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Mpishi wa ukumbi aliapishwa hivyo hivyo, akamwapisha dada yake, na kufikia Ijumaa Tanga nzima ilikuwa imeapa.

Zamani, katika ukumbi wa Wahindi pale Tanga, mkebe wa vinyoya vya kuchezea badminton ulikaa kwa bingwa. Ndiyo ilikuwa heshima yake. Kabla ya kila fainali alivifukiza kwa mvuke ili visikauke vikavunjika, na hakuna aliyemuuliza neno.

Bingwa alikuwa Hansa, binti wa Velji muuza vitambaa. Ndiye mwanamke wa kwanza kushika raketi ukumbini humo, enzi ambazo wenzake waliingia kumimina chai tu. Alitwaa kombe la mji miaka saba mfululizo. Akaenda Mombasa akawapiga, akaenda Nairobi akawapiga.

Mwaka wa nane goti likavimba, naye akalificha. Mpinzani wake, Jayshree, alikuwa na miaka kumi na saba, na akipiga kinyoya kilishuka kama jiwe.

Asubuhi ya fainali alijifungia jikoni mwa ukumbi, akabandika birika. Alijua kwamba manyoya yakilainika, ukizikunja ncha kwa nje, kinyoya huenda polepole, na goti bovu hupata muda wa kufika. Kila kikohozi cha watu waliokuwa wakijaa ukumbini kilimshtua.

"Hansa, umo humo?" Alikuwa Kantaben, mgawa chai.

"Nachemsha maji ya goti."

"Goti gani tena? Si ulituambia u mzima?"

Hansa akauma ulimi. Alidhani bibi yule amekwenda zake, kumbe alikuwa amezunguka ukumbini, umbeya unamwasha, akakisukuma kidirisha cha kupitishia vikombe.

Ukumbi mzima ukageuka. Hansa amesimama katikati ya mvuke, kinyoya kimoja vidoleni, vingine kumi na kimoja mezani, vimetanuka kama sketi za harusini.

"Kumbe," akasema Kantaben taratibu, "goti lako limeota manyoya."

Watu walicheka, isipokuwa Jayshree. Kombe alilichukua yeye, bila kinyoya kupigwa.

Na tangu siku hiyo, pale ukumbini, mkebe hufunguliwa mezani mbele ya watu wote, na bingwa husimama kando, mikono kifuani, mpaka kinyoya cha mwisho kikaguliwe.