Ngoma ya Kobelo Yataka Mwenyewe

Haya, sogeeni. Kesi hii imenishinda, nawatupia ninyi, na atakayesinzia hana kura.

Mzee Kobelo wa milima ya Uluguru alikuwa na watoto watatu. Semeni alijaliwa masikio. Mchwa akitafuna boriti, yeye anamsikia. Pazi alijaliwa ulimi. Angemwomba fisi mfupa, na fisi akampa. Chausiku alikuwa na pikipiki, na mteremko uliowatisha wanaume yeye aliushuka akiimba.

Ukutani kwao ilining'inia ngoma ya ukoo. Tangu madaktari wamwekee mzee stenti, kile kibomba cha waya cha kupanua mshipa wa moyo, ngoma ile ikawa inadunda yenyewe. Haipigwi na mtu, jamani! Kobelo alipoweka kiganja kifuani, mapigo yalilingana. Mwili ukamsisimka.

Adhuhuri moja Semeni akaacha kutwanga. "Baba, ngoma inaruka mapigo."

Kifua kilikuwa kinambana mzee tangu juzi, lakini kwa ubishi hajambo. "Kiungulia tu hiki. Moyo wangu una chuma, utaumwaje tena? Nipe tangawizi."

Pazi akachuchumaa mbele yake. "Baba, lile bomba la maji ulilizibua mwenyewe. Halikuziba tena?"

Mzee akaweka kikombe chini. Akainuka.

Chausiku akampakia kwenda hospitali, wakateremka kona baada ya kona. Ngoma wameiacha nyumbani, lakini Kobelo aliisikia sikioni, inapiga, inasita. Akaogopa kufa, akalia waziwazi.

"Nyama imeota ndani ya stenti, njia imebanwa upya," daktari akasema. "Mngechelewa kidogo tu, tungezungumza mengine." Wakamzibua.

Sasa, desturi ya ukoo ule ni hii: anayekuokoa na kifo unampa ngoma, mtu mmoja tu, siku unayorudi nyumbani, kabla jua halijazama. Usipomtaja, ngoma hunyamaza, na moyo wako hunyamaza nayo.

Kobelo akarudi. Jua likaanza kuzama.

"Nisingesikia, tungekuwa matangani," akasema Semeni.

"Ulisikia, ukamwinua?" akauliza Pazi.

"Na maneno yako yangemfikisha hospitali?" akadakia Chausiku.

Kobelo akawatazama watoto wake, wote anawapenda. Akafungua kinywa, jina halikutoka. Ukutani ngoma ikapiga mara moja, ikasita.

Upesi, jamani! Je, wewe ungemtaja nani?