Taa Moja ya Senkondo

Ukisugua taa moja, ya pili hukushtaki. Ndivyo alivyosema mama yule kwenye kikao cha harusi, nanyi mkacheka kwa kuwa watu wazima walicheka. Sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Haikutoka kwa wahenga, maana wahenga hawakuwa na magari. Ilitoka papa hapa Upareni, kwa mtu ambaye mmemwamkia mara nyingi njiani. Methali hii ilianza hivi.

Senkondo alikuwa na gari dogo jeupe la kitambo. Jua lilikuwa limezichosha taa zake za mbele mpaka plastiki ikageuka njano na kufunga ukungu, kama macho yaliyoingia mtoto wa jicho. Hakuna aliyelisema jambo hilo. Gari lote lilikuwa limechoka, na taa zilichoka pamoja nalo.

Nyumbani kwake walikuwapo mabinti wawili wa rika moja. Nakijwa alikuwa wa kumzaa mwenyewe. Namsifu alikuwa wa marehemu kaka yake, ambaye kabla hajafa alimshika mkono na kumwambia, "Mdogo wangu, mtoto huyu asijione hana baba." Senkondo aliitikia huku analia. Tangu hapo alipenda kuwaambia watu kwamba nyumbani kwake hakuna yatima, na aliamini kabisa anachokisema. Namsifu alikula alichokula mwenzake, akasoma alikosoma mwenzake.

Ukafika mwaka wao wa kipaimara. Mabinti wote wawili wangebarikiwa Jumapili moja, na kila mmoja alihitaji gauni jeupe. Senkondo alirudi kutoka mjini na gauni moja, lina lesi shingoni na mikono ya kupuliza, jeupe pe. Mkewe aliligeuzageuza mikononi.

"Hili la Nakijwa. La Namsifu liko wapi?"

"Si lipo lile la dada yao mkubwa? Liko kabatini."

"Baba Nakijwa, lile limepiga unjano."

"Liloweke, mama. Na Namsifu mwenyewe unamjua, hana makuu."

Mtoto asiye na makuu, wanangu, ndiye anayeonewa kwa raha. Mama alililoweka, akalianika, akaliloweka tena. Unjano haukutoka.

Jumamosi, Senkondo akaona aibu kwenda kwenye sherehe na gari lenye macho mabovu. Dereva mmoja alikuwa amemweleza namna ya kuzisafisha taa nyumbani bila kwenda kwa fundi. Alibandika tepu ya karatasi kuzunguka taa ya kulia ili asikwaruze rangi ya bodi, akachovya msasa kwenye maji, akaanza kusugua. Mwanzoni taa ilizidi kuharibika. Ikawa nyeupe kama imepakwa uji, naye akatokwa na jasho la hofu. Lakini alivyobadilisha msasa kwenda ulio laini, na baadaye ulio laini zaidi, maji ya njano yakatiririka na ung'avu ukaanza kurudi. Alimalizia kwa dawa ya meno na kitambaa, akakausha, akapuliza vanishi isiyo na rangi ili jua lisiirudishe ilikotoka. Taa iling'aa mpaka akajiona ndani yake.

Ila mabega yalikuwa yanamuuma, na msasa ulikuwa umekwisha. Namsifu akapita na ndoo, akasimama.

"Baba mdogo, imependeza! Na hii nyingine?"

"Hiyo baadaye, mwanangu. Nani anaangalia taa za gari?"

Jumapili asubuhi walifika kanisani watu wamejaa uwanjani. Mtu wa kwanza kuliona gari alikuwa Ndesario, Mchaga aliyehamia kijijini kwetu kuezeka nyumba, mtani wa Wapare wote na wa Senkondo hasa. Nanyi mnajua mtani hana breki. Alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Mtani! Mbona gari lako linanikonyeza? Mimi nina mke!"

Watu wakacheka. Senkondo naye akacheka, akatoa kichwa dirishani. "Mtani, umekuja kusali au kukagua magari?"

"Nimekuja kusali, lakini nimepokelewa na chongo! Wiki iliyopita lilikuwa kipofu, tukalizoea. Leo umelifungua jicho moja, sasa kila mtu anaona lile jingine lilivyooza. Sikia nikuambie, ndugu yangu: ukisugua taa moja, ya pili hukushtaki!"

Wamama walishikana mabega kwa kucheka. Hapo ndipo milango ya nyuma ilipofunguliwa.

Nakijwa alishuka upande wa kulia na gauni lake jeupe pe. Namsifu alishuka kushoto, akazunguka, akaja kusimama kando ya mwenzake kama walivyofundishwa. Lile gauni la zamani, ambalo peke yake lingepita, karibu na jipya lilionekana njano kuliko jana. Kicheko kilikatika. Mama mmoja alitazama chini. Mwingine alijifanya anamfunga mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa amefungwa tayari. Ndesario, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona amekosa neno, alivua kofia. Alisogea dirishani na kusema kwa sauti ya chini:

"Mtani, mimi nilikuwa nasema gari."

Heri angemtukana. Senkondo alijua kwamba hakuna aliyemwonea. Mwenyewe alikuwa amewaleta mashahidi wawili uwanjani, na mwenyewe amewavalisha. Kanisani mchungaji alipoweka mikono juu ya vichwa vya watoto, Senkondo hakuona kichwa chochote. Aliona safu ya magauni meupe na moja la njano katikati, akatamani benchi limmeze. Mahubiri yalikwisha bila yeye kuambulia hata neno.

Sherehe nyumbani ilikuwa kubwa. Nakijwa alikaa mbele, amepambwa kwa maua ya zawadi. Namsifu hakuonekana. Senkondo alimkuta nyuma ya jiko, amevaa gauni lake la kila siku, anasuuza sahani. Lile la kanisani alikuwa amelikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti.

"Mwanangu, mbona umevua? Leo ni siku yako."

"Nisilichafue, baba mdogo."

Alisimama pale akitafuta pa kuweka mikono. Mwisho akauliza swali ambalo mtu mwenye akili asingeuliza. "Lilikuwa baya sana?"

Namsifu aliweka sahani chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Hapana. Jana nilipolijaribu nilijiona nimependeza. Hata garini nilikuwa nimependeza. Mpaka nilipokuja kusimama karibu na Nakijwa."

Senkondo alivuta kigoda, akakaa, akachukua sahani iliyofuata akaanza kusuuza, wageni wakimtafuta huko mbele atoe shukrani. Alilia, na hakujificha.

Kesho yake alinunua msasa, akaisugua taa ya pili. Wiki hiyohiyo akampeleka Namsifu kwa fundi cherehani, akashonewa gauni zuri kuliko lile la mwenzake. Msichana alishukuru, akalivaa Krismasi. Lakini kipaimara ni mara moja, na picha ya siku ile ipo ukutani hadi leo, mabinti wawili wamesimama pamoja.

Kuna wajinga wanaoichukua methali hii kuwa inasema afadhali taa zote zibaki na ukungu. Hao msiwasikilize. Na mkikuta inasemwa mbele ya Senkondo, msimtazame usoni. Hakasiriki, wala hajawahi kumkataza mtu kuisema. Anainamisha tu kichwa, anaitikia kama mtu aliyeitwa jina lake: ukisugua taa moja, ya pili hukushtaki.