Siku ya Kutopita Getini

Mtu mmoja alikuwa na baragumu la ukoo na baiskeli ya kubebea maziwa, na ikafika asubuhi ambayo hakuweza kuvitumikia vyote viwili. Jina lake Kajiru. Alikaa mlimani, katika kijiji kinachotazama mji ulioko bondeni, na kila siku alishuka na madumu ya maziwa, yake na ya majirani, akarudi jioni akisukuma baiskeli na madumu matupu.

Baragumu lilikuwa pembe ya tandala. Alilirithi kwa baba yake, baba yake kwa babu, na babu kwa kaka yake aliyekufa bila mtoto. Katika ukoo ule halikupigwa kwa harusi wala kwa msiba. Lilipigwa kwa msaragambo tu, siku kijiji kizima kinapoitwa kufanya kazi ya wote isiyo na ujira. Na kazi iliyoitiwa baragumu mara nyingi kuliko zote ilikuwa njia ya juu. Njia hiyo ilizunguka mgongo wa mlima kwenda mjini. Ilikuwa ndefu, yenye mawe, na kila masika yalipokwisha ilikuwa imezibwa na magugu na udongo ulioporomoka. Baragumu likalia, watu wakatoka na mapanga na majembe, wakaifungua. Ilikuwa njia mbaya, lakini ilikuwa yao.

Kisha akaja mtu mwenye mali, akapasua mlima, akashusha barabara fupi iliyonyooka mpaka bondeni, akaitia lami. Mahali inapobanwa na miamba miwili akaweka geti na mlinzi. Aliyepita alilipa. Mwanzoni hakuna aliyenung'unika. Ushuru ulikuwa mdogo, maziwa yalifika kabla jua halijawa kali, na mgonjwa alifika hospitali akiwa bado anaongea. Mwaka ule masika yalipokwisha, Kajiru alilitoa baragumu, akalipangusa vumbi, akalirudisha darini. Angemwita nani? Mwaka uliofuata hakulitoa.

Ushuru ukapanda. Wakaambiwa lami ina gharama. Ukapanda tena, wakaambiwa kuna mitaro ya kuzibua. Mara ya tatu hawakuambiwa neno. Walikuta tu kibao kimepakwa rangi mpya na kuandikwa kiasi kingine. Watu wakalalamika getini asubuhi baada ya asubuhi, mpaka malalamiko yenyewe yakawa sehemu ya safari, kama kupumzika penye kona. Mlinzi alikuwa mtu mcheshi wa kutoka mbali, na aliwajibu wote jibu moja. "Wazee wangu, mimi nimeajiriwa kuinua mti na kuushusha. Maneno mpelekeeni mwenye mti."

Wakampelekea. Walituma watu watatu, Kajiru akiwa mmoja wao. Mwenye barabara aliwapokea kwa heshima, akawapa chai ya maziwa, na maziwa yalikuwa ya ng'ombe wao. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba hakumlazimisha mtu yeyote. Njia yao ya zamani ipo, yeye hakuifunga. Wakateremka ngazi za nyumba yake kimya, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jirani wa Kajiru upande wa chini alikuwa mjane aliyeitwa Nakijwa. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa mume wake na shamba lake tangu alipobaki peke yake. Geti lilitoza mtu na lilitoza kila dumu. Jioni Kajiru alipompelekea Nakijwa kilichobaki baada ya ushuru, aliona aibu kukiweka kwenye kiganja cha mtu mzima. Nakijwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja tu, akifunga pindo la kanga yake, alisema, "Mwanangu, huu ushuru ukipanda mara moja tena, nitakuwa namfugia mwenye geti. Bora nimuuze huyu mnyama nijue sina." Kajiru hakulala vizuri baada ya maneno hayo.

Akawaita watu nje ya ghala la tangawizi. Akawaambia yaliyokuwa moyoni mwake. Siku ya gulio linalokuja, siku ambayo geti huvuna kuliko siku zote, asipite mtu hata mmoja. Yeye atapiga baragumu majogoo wakiwika. Wote wakutane pale njia zinapoachana, wenye mapanga mbele, wenye mizigo nyuma, wafungue njia ya juu huku wakienda, kwa upana wa baiskeli yenye madumu. Maziwa ya siku moja yakichacha, yachache. Mwenye barabara akiona lami yake imelala tupu siku ya gulio, atajua kwamba njia ipo kweli.

Watu wakasimama. Mchome, mkulima wa tangawizi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, akasema, "Atakayeonekana getini siku hiyo, tukamdaie mahari. Maana atakuwa ameolewa na mwenye geti!" Wakacheka, na ilikuwa siku nyingi hawajacheka pamoja. Mikono yote ikainuliwa, hata ya wale ambao hawakuwa na kitu cha kupeleka gulioni. Nakijwa aliinua wake akiwa ameketi chini, akaushusha wa mwisho. Ili jambo lisiwe la siri, walimwambia na mlinzi alipokuwa akiinua mti kesho yake: siku ya gulio usitusubiri.

Jioni ya kuamkia gulio, Kajiru alilishusha baragumu darini na kuliweka karibu na mlango. Akayatazama madumu. Yalikuwa yamejaa kuliko siku nyingine, kwa kuwa siku ya gulio mjini maziwa hayatoshi. Ila la Nakijwa halikuwepo. Yeye alisema atalibeba mwenyewe kichwani, kwa njia ya juu, pamoja na wenzake. Kajiru akamkumbuka mnunuzi wake wa mjini, ambaye hakumwonea lakini alikwisha kumwambia wazi kwamba wako wengi wanaoitaka nafasi yake, na anayechelewa siku ya gulio asije kesho yake. Akawaza kwamba njia ya juu haijashikwa na panga miaka mingi. Wakifika, watafika jioni. Akawaza kwamba maziwa yale hayakuwa yake peke yake. Akawaza kwamba mtu mmoja akipita getini kungali na giza, akashusha mzigo wake upesi na kurudi, bado atawahi kupiga baragumu. Na mtu mmoja hapunguzi kitu. Anayetafuta sababu ya kuacha alilosema hakosi, na sababu ile huwa njema kila mara.

Akaupaka mnyororo wa baiskeli mafuta ili usilie, akatoka kabla ya majogoo.

Ukungu ulikuwa mzito. Alipita nyumba ya Nakijwa bila kuitazama. Penye kona ya kwanza alisikia kwato mbele yake, kisha akaona mgongo wa punda, na kando ya punda alikuwa Mchome na magunia yake. Kengele ya punda ilikuwa imefungwa kitambaa. Wakatazamana. Mchome ndiye aliyeanza.

"Na wewe?"

"Maziwa ya watu haya."

"Mimi ni tangawizi tu. Inaoza."

"Tangawizi haiozi kwa siku moja, Mchome."

Mchome akamvuta punda. Wakashuka pamoja, kila mmoja upande wake wa barabara, kama watu wasiojuana. Na walipofika kwenye miamba miwili, walikuta kijiji. Alikuwepo fundi wa viatu, walikuwepo wauza ndizi, walikuwepo mama mkwe na mkwewe ambao kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba anakwenda kuchota maji. Walikuwepo wale wawili waliokwenda pamoja naye kunywa chai kwa mwenye barabara. Msururu ulikuwa mrefu kuliko wa gulio lolote, na haukuwa na sauti. Kila mtu alikuwa amefikiri kwamba barabara ile, siku ile, itakuwa tupu.

Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake akijifunika shuka. "Jamani! Mliniambia leo sina kazi, nikaja na shuka nilale. Mbona mmeamka mapema kuliko kuku?" Alingoja wacheke kama kawaida yao. Hakuna aliyecheka. Walilipa upesi kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu geti liwekwe, hakuna aliyelalamika. Hakuna pia aliyemuuliza Kajiru kwa nini baragumu halijalia. Aliona nyusoni mwao kwamba walishukuru kwamba halijalia.

Alifika mjini kwa wakati, na nafasi yake kwa mnunuzi ikabaki. Hakurudi kupiga baragumu. Jua lilikuwa limekwisha kutoka, na waliopaswa kuitwa wote walikuwa gulioni, wakiuziana ndizi bila kubishana bei.

Jioni alipanda polepole. Alipofika njia zinapoachana aliona nyasi zimelala pembeni, mbichi, zimekatwa siku ile ile. Aliegemeza baiskeli, akaingia hatua chache. Vichaka vilivyokuwa vimeziba njia tangu lami ilipokuja vilikuwa vimefyekwa pande zote mbili. Mawe madogo yalikuwa yamesogezwa. Akasikia mtu anakuja kutoka ndani, taratibu, na panga linagonga jiwe mara kwa mara kama fimbo ya kutembelea.

Alikuwa Nakijwa. Dumu lilikuwa kichwani, limejaa vilevile. Viganja vyake alikuwa amevifunga vitambaa alivyochana kwenye upindo wa kanga. Hakuwa amefika mjini. Alikuwa amefyeka mpaka mahali udongo ulipoporomoka na kuimeza njia, mahali panapohitaji majembe ya watu wengi, akakaa hapo akingoja, na jua lilipoanza kushuka akageuka.

Alipomwona Kajiru uso wake ulifunguka kidogo. Akatua dumu.

"Baragumu sikulisikia, mwanangu. Nadhani ni upepo. Nikasema nitangulie, maana mwendo wangu ni mzito. Nimekata upana wa baiskeli, kama ulivyotuambia. Nilijua mko nyuma yangu."

Nakijwa akaitazama baiskeli. Akayatazama madumu yaliyofungwa nyuma, matupu, yameoshwa, vifuniko vinaning'inia. Kisha akajitwisha dumu lake la maziwa yaliyochacha, akampita, akapanda kwenda kwake, na hakumlaumu wala siku ile wala baadaye.

Mwenye barabara hakuwa na haja ya kuita mkutano. Mlinzi alimpelekea makusanyo, akamsimulia na habari za shuka, na mwenye barabara alikuwa mtu anayejua kusikiliza. Anayelipa siku aliyoapa kutolipa atalipa siku yoyote. Wiki ile ile kibao kikapakwa rangi upya. Watu wakasimama mbele yake, wakasoma, wakalipa. Mchome alisema mbele ya ghala la tangawizi kwamba mtu yule ni mnyonyaji, na kila aliyekuwepo alikubaliana naye kwa kichwa, akitazama chini.

Kabla ya masika Nakijwa alimwomba Kajiru amshushie ng'ombe mnadani, kwa sababu yeye asingeweza kumtazama akiuzwa. Kajiru alimwongoza kwa kamba. Pale njia zinapoachana mnyama alitaka kuingia kwenye ile ya juu, ambako majani mapya yalikuwa yamekwisha kuota, na ilibidi amvute. Getini mlinzi alimhurumia, lakini mti haukuinuka. "Ng'ombe naye ni mzigo, mzee wangu. Si mimi, ni kibao." Kajiru alimlipia kutoka mfukoni mwake, akapita.

Njia ya juu iko wazi mpaka leo, mpaka pale kwenye udongo ulioporomoka, ingawa kila mvua inaipunguza. Na watu wa kijiji kile bado wanalalamika getini kila asubuhi. Basi ninyi mliokaa mkanisikiliza, mkiulizwa ni nani aliyemuuza ng'ombe wa Nakijwa, mtamtaja nani?