Viazi vya Mzazi na Juisi ya Mabungo

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulieni!

Imebeba nini kichwani?

— Itueni tuone!

Basi imetua. Na wewe uliyeshika kikombe pale nyuma, kimalize kabisa, nisije nikasikia unafyonza nikiwa katikati ya maneno.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kutembeleana, Ngiri alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yake Ngiri alikuwa ameshafariki. Kabla hajakata roho alimshika mkono jirani yake, Bi Nungunungu, akamwambia, "Binti yangu huyu nakuachia wewe. Akizaa, usimwache." Bi Nungunungu akajibu, "Simwachi." Na Bi Nungunungu hakuwa mtu wa kusahau neno lake.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika nchi ile mzazi hakutoka nje siku arobaini. Hakuteka maji, hakuchimba hata mzizi mmoja. Alikula alicholetewa. Alikaa na mlezi wa kumkanda na kumlisha, mpaka siku ya arobaini mtoto atolewe nje, apewe jina. Na kila ilipokuja habari njema ya mtoto, mlezi ndiye aliyeanza kigelegele. Asipoanza yeye, wengine wote kimya. Akikataa kabisa, basi anamtakia mtoto mabaya. Ndivyo walivyoamini, msiniulize mimi.

Mlezi wa Ngiri alikuwa Bi Tumbili. Tena hakuitwa, alijileta! "Mimi nina vidole," alisema. "Nyie wenye kwato na makucha mtamshikaje mtoto?" Wenzake wakaona ni kweli.

Bi Nungunungu akachimba viazi vitamu, akavichemsha na maganda yake, akavipeleka. Bi Tumbili akampokea mlangoni. "Ahsante, shoga. Mzazi amelala." Akachukua kapu, akafunga mlango.

Siku ya pili akapeleka tena. "Ahsante, shoga. Mzazi amelala." Mlango paa!

Siku ya tatu akapeleka tena. "Ahsante, shoga. Mzazi amelala."

Bi Nungunungu akasimama pale nje. "Mzazi gani huyu?" akajisemea. "Kila nikija amelala, na mtoto ndani analia." Akazunguka nyuma ya nyumba, akatega sikio ukutani. Akasikia Bi Tumbili anaimba:

Kunywa tone, kunywa tone,
mzazi wangu upone;
kilichotoka udongoni,
kisikuingie tumboni.

"Lakini nina njaa, Bi Tumbili," ikasikika sauti ya Ngiri. "Nimenusa viazi."

"Viazi! Mwanangu, kiazi ni kitu cha gizani. Kimelala na minyoo. Kitakuziba tumbo, maziwa yakugande. Lakini hii juisi ya mabungo, eh! Mabungo yamening'inia juu, yameota jua. Kunywa. Halafu umejiuliza kwa nini Nungunungu anakuletea viazi kila siku? Anataka unenepe ushindwe kukimbia, ili chui akija akukamate wewe, yeye apone. Vile viazi nitakutupia mimi."

Jamani! Miiba yote ya Bi Nungunungu ilisimama. Alitaka kuvunja ukuta. Lakini akajizuia, maana angesema nini? Neno la mlezi lilikuwa ndani ya nyumba, na lake lilikuwa nje.

Akaenda jalalani. Kama viazi vinatupwa, si vitakuwepo? Akapekua huku, akapekua kule. Maganda ya mabungo yamejaa tele. Kiazi hakuna. Hata ganda la kiazi hakuna! Akadhani labda Fuko amevichukua chini kwa chini. Akatafuta shimo la Fuko, asilione. "Basi viazi vyangu vinakwenda wapi?"

Siku ya ishirini akasukuma mlango bila kubisha. Hee! Ngiri alikuwa amekonda, mbavu unazihesabu. Na mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa ananung'unika tu, mdomo kwenye titi, titi halina kitu. Bi Nungunungu akaingiwa na hofu kubwa. Akajua siku arobaini mtoto huyu hafiki.

"Mwanangu," akasema, "kula kiazi hata kimoja."

Ngiri akajivuta nyuma, akamkumbatia mtoto wake. "Usinikaribie, shangazi. Najua unachotaka."

Neno lile lilimuuma Bi Nungunungu kuliko kisu. Akageuka kumtazama Bi Tumbili. Bi Tumbili manyoya yanang'aa, na mashavu yamevimba.

"Umefanya nini mashavuni?"

"Jino, shoga," akasema Bi Tumbili, maneno yakitoka kwa taabu.

"Juzi si ulivimba upande wa kulia tu? Leo pande zote mbili. Jino gani hilo linalohama?"

Na hapo Bi Nungunungu akapata la kufanya.

Kesho yake akamkabidhi Bi Tumbili kapu la viazi mlangoni. Akangoja kidogo tu, kisha akaingia na majirani, Kanga na binti zake. "Habari njema!" akapaza sauti. "Kitovu cha mtoto kimepona!" Wote wakamtazama mlezi. Bi Tumbili akashika shavu. "Mm-mm," akaonyesha jino. Kanga wakamsamehe, ugonjwa haukatai mtu.

Siku iliyofuata akafanya vile vile. "Habari njema! Mtoto amefumbua macho, ameniangalia!" Wote wakamtazama mlezi. Bi Tumbili akashika koo. "Mm-mm," akajifanya anataka kukohoa. Kanga wakaanza kuangaliana.

Siku ya tatu akaleta kapu, akangoja, akaingia. "Habari njema! Mtoto amepata mtu wa kumpa jina siku ya arobaini, na mtu huyo ni mimi!" Bi Tumbili akashika shavu, akashika koo, akashika na kichwa.

Ndipo Ngiri akainuka kitandani. "Bi Tumbili. Juzi jino. Jana koo. Leo kichwa. Kwani unamtakia nini mwanangu?"

Bi Tumbili akatazama mlango. Mlangoni amekaa Bi Nungunungu na miiba yake yote. Akatazama Kanga, Kanga wanamkodolea macho. Akaona hapa sina pa kwenda. Akafumbua mdomo, akautikisa ulimi: "Li-li-li..."

Kiazi puu! kikaanguka chini. "Li-li..." Cha pili puu! Halafu cha tatu, na maganda yake!

Ngiri akainama, akaokota kiazi kimoja, akakigeuzageuza. Akauliza polepole, "Hiki kinachoniziba mimi tumbo, wewe hakikuzibi?"

"Nilikuwa naonja, mwanangu. Nilihofia kina sumu."

"Siku zote hizi unaonja?" akafoka Bi Nungunungu. "Na sumu haijakuua mpaka leo?"

Bi Tumbili akaruka, akatokea dirishani. Lakini hakutoka bure, miiba miwili alikwenda nayo makalioni.

Ngiri akala kiazi. Akala cha pili, akala cha tatu, machozi yanamtoka. Halafu kwa hasira akaichukua ile juisi ya mabungo aimwage. Bi Nungunungu akamshika mkono.

"Usimwage, mwanangu. Juisi haina kosa. Inakata kiu, inachangamsha ulimi, kunywa baada ya chakula. Lakini chakula siyo. Ukiinywa unajiona umepona, jua halijasogea na njaa imesharudi. Kiazi kinakaa tumboni, kinakupa nguvu ya kumlisha mtoto."

"Nisamehe, shangazi. Nilikudhania mabaya."

"Kula," akasema Bi Nungunungu, kwa sababu na yeye alikuwa anataka kulia.

Maziwa hayakurudi siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu, mtoto akasikika anameza, nkk, nkk, nkk. Bi Nungunungu akatoka nje kwenda kulia huko.

Siku ya arobaini mtoto akatolewa, ana mashavu yake mwenyewe. Wakamuuliza Bi Nungunungu, "Haya, jina lake nani?" Naye akasema lile neno alilomwambia marehemu mama yake Ngiri. "Simwachi." Kigelegele alikianza yeye.

Na Bi Tumbili? Tangu siku ile, tumbili akitia kitu mdomoni hugeuka nyuma kuangalia kama anaonekana.

Basi wanangu, akija mtu anakusifia kinywaji chake na kukutia hofu na chakula chako, usimsikilize maneno. Mtazame mashavu.

Hadithi imejitwika mzigo wake!

— Iende salama!

Haya, fungeni mlango. Kapu la viazi mlilonijia nalo liacheni hapa.