Hodi kwenye Tovuti ya Halua

Hapo zamani, si zile za kale sana, maana simu zilikwisha kuingia hata mifukoni mwa waomba sadaka, palikuwa na Sultani Badi wa Shangamu, mwenye duka dogo la halua ndani ya jumba lake na kiburi kikubwa kuliko duka. Halua yake tamu, sikatai! Lakini wateja walikuwa wamehamia kwa jirani auzaye mtandaoni, ya Sultani ikawa inalala siniani mpaka inageuka jiwe.

Basi akaitwa Shekuwe, fundi wa tovuti, fukara asiye na kitu ila mama mzee na kompyuta yenye ufa.

"Nataka tovuti," akasema Sultani. "Mteja anunue kwa kufumba na kufumbua. Lakini asiingie kama aingiaye gulioni! Anipe heshima zote za jumba hili. Ikipungua hata moja, wewe na mama yako mtauhama mji huu Ijumaa."

"Ewe Sultani, hayo mawili hayapikiki chungu kimoja."

"Nimekuuliza?"

Mawaziri wakaitikia, "Hewaa!" Ndiyo kazi waliyoajiriwa, kutikisa vichwa.

"Labeka, Sultani wangu," akasema Shekuwe. Akamfikiria mamaye, akaenda kuketi mlangoni pa jumba siku tatu, akiandika kila afanyiwalo mgeni, hata kikohozi cha bawabu.

Siku ya uzinduzi Sultani akawaalika wakubwa wa miji ya jirani, akaifungua tovuti mbele yao. Ikaandika: "Bisha hodi mara tatu." Akabisha. "Bawabu anakula. Subiri." Wakasubiri mpaka kahawa ikapoa. Kisha: "Vua viatu, uvipige picha, uilete." Akavua, jasho likimtoka, na soksi moja ina tundu. Kisha: "Taja majina arobaini ya sifa za Sultani, kwa mpangilio."

Akataja tisa. Akamtazama waziri, waziri akatazama dari.

"Huna adabu. Rudi kesho," ikaandika tovuti.

"Mimi ndiye Sultani!" akafoka. "Naitaka halua yangu mwenyewe!"

Shekuwe akainama. "Hivyo ndivyo asemavyo kila mteja mlangoni pako, Sultani wangu. Ila yeye hafoki. Huenda kwa jirani."

Hapo ikasikika hodi langoni. Akaingia mpeleka mizigo na sinia ya halua ya jirani, ingali moto. Liwali mmoja mgeni akakohoa kwa haya. "Samahani, ewe Sultani. Niliagiza ulipokuwa unavua viatu."

Sultani akaitazama sinia, akaitazama soksi yake, akaangua kicheko hata kilemba kikamdondoka.

"Shekuwe, futa yote! Bakisha halua na bei. Nawe kaa na mama yako humu mjini, uwe fundi wangu."

"Na yale majina arobaini?"

"Wape mawaziri wayahifadhi. Wapate kazi."

Hekaya yangu imeishia hapo. Anayeitaka tena asibishe hodi, aingie na viatu vyake.