Uvimbe wa Mishi na Jina la Mdogo Wake

Sogeeni, na anayejiona mjuzi anyamaze kwanza. Nina watu watatu. Bi Mize, akisema hapana, hata askari hurudi nyuma. Daktari Nuru ana mashine inayoona chini ya ngozi. Na Mwatime, jirani mjane, kipaji chake ni kukaa na mtu, basi.

Mishi, mtoto wa miaka sita, aliota uvimbe mgumu shavuni. Watu wakasema unaambukiza. Wenzake wakala sinia moja, yeye akatengewa kisahani mlangoni. Maskini! Akawa anakula huku amejitanda kanga mpaka puani.

Akaletwa fundi wa kienyeji na wembe wake, aukate uvimbe. Bi Mize, bibi yake Mishi, akasimama kati. "Huo wembe kakatie kucha zako! Mjukuu wangu humgusi mpaka daktari amwone." Fundi akaondoka amenuna.

Mwatime naye akaja, akaketi mlangoni, akamega tonge kwenye kisahani kilekile.

"Bi Mwatime, nitakuambukiza."

"Niambukize, tufanane."

Ikawa ndiyo desturi yao. Hata hospitalini, Mishi alikataa kufunua uso. Mama alibembeleza, bibi alifoka, wapi! Mwatime alipomwomba, akaivua kanga, akalala tuli.

Daktari Nuru akapaka jeli, akapitisha kifaa cha altrasaundi shavuni taratibu bila kukandamiza. Akaitazama picha, akamwita mama. "Unaona? Kijivimbe cha ngozi tu, ndani kina chembe ngumu kama chokaa. Si saratani, wala hakiambukizi."

Habari zikaenea. Jioni ile Mishi akaitwa siniani, akakimbia bila kugeuka nyuma. Mwatime akala peke yake, kama alivyokuwa akila tangu mumewe afariki mpaka alipompata Mishi.

Sasa mama amejifungua binti, na baba amesema Mishi ndiye amchagulie mdogo wake somo, yaani mtu atakayeitwa kwa jina lake.

"Bila mimi ungekuwa na kovu," anasema Bi Mize. "Na mjukuu hupewa jina la bibi."

"Bila daktari tungekuwa bado tunamkimbia Mishi," anasema baba.

Mishi anatazama mlangoni. "Bi Mwatime yuko wapi?"

Loo! Hakuna aliyekumbuka kumwalika kwenye shughuli ya kumpa mtoto jina.

Kichanga ni kimoja, jina ni moja. Haya, sasa semeni: wewe ungemwita nani?